Ng'ombe Wako?

Ninyi makarani vijana mliorithi meza yangu pale chuo cha muziki, mtalikuta kabatini daftari kubwa la jalada jekundu, lile la Msamaha wa Ada, na ndani yake ukurasa mmoja umechanwa. Najua mtanisengenya. Miaka yote niliwafokea msichane hata risiti ya mafuta ya taa, kumbe mchanaji ni mimi mwenyewe. Sasa nimestaafu, muda ninao, na mke wangu amechoka kunisikiliza. Basi nawaandikia ninyi, maana hamna pa kukimbilia.

Nilifika Shinyanga vita vya Hitla vikielekea ukingoni, nikitokea Pangani, na sanduku la bati na majivuno ya mtu wa pwani. Majivuno yenyewe yalikuwa juu ya Kiswahili changu. Mtu akisema "kalibu" badala ya "karibu" nilikuwa nacheka hadharani, na Usukumani kila mtu husema "kalibu", kwa hiyo mwaka wa kwanza nilicheka sana. Juu ya mambo mengine yote ya nchi ile nilikuwa mbumbumbu. Ng'ombe nilimjua akiwa amekwisha fika kwenye sahani.

Siku ya kwanza kazini nilikuta ofisi ni stoo ya ngoma. Ili nikae kwenye kiti ilibidi kwanza niliondoe ngoma kubwa la bendi lililokuwa limekikalia, na jioni likarudi mahali pake kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Nilifanya hivyo kila siku kwa miaka minne. Chuo kilikuwa na vyumba vitatu vya matofali ya udongo, vinanda vinne vya kukanyaga kwa miguu, tarumbeta zilizobonyea za askari, na Bwana Mkuu mmoja Mwingereza aliyepiga fidla vizuri na kuendesha mambo mengine yote vibaya. Tulifundisha wapiga vinanda wa makanisani, wapiga tarumbeta wa mtemi, na vijana wa bendi za kule Geita, ambako wakubwa wa machimbo ya dhahabu walipenda kucheza dansi kila Jumamosi.

Ada ilikuwa kubwa. Kwa wasioiweza palikuwa na fungu lililotolewa na wafadhili, nalo lilitosha wanafunzi wanne kwa mwaka. Wanne tu. Iliyochagua hao wanne ilikuwa Kamati ya Msamaha wa Ada, watu watano ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukosa chakula cha mchana. Walikutana barazani kwa Bwana Mkuu, wakajadili umaskini kwa chai na biskuti. Mwombaji akija na viatu walisema, "Huyu anajiweza." Akija pekupeku walisema, "Huyu hatajali vyombo vyetu." Nilikuwa naandika yote mawili kwa mwandiko mzuri.

Kila mwombaji alitakiwa alete barua ya umaskini kutoka kwa mwanangwa, yaani mkubwa wa kijiji chake. Mwanangwa hakuandika bure. Barua ilikuwa kuku mmoja, na penye haraka, kuku wawili. Kwa hiyo yule asiye na kuku hata mmoja hakuweza kuthibitisha kwamba hana kitu. Nililieleza jambo hili kwenye kikao. Mjumbe mmoja, mfanyabiashara, akasema mtu asiye na kuku ni mvivu. Wakaendelea na biskuti zao.

Na waliopata msamaha hawakupata bure pia. Walifuta vumbi vinanda vya wenzao, na kila mwisho wa mwaka walisimamishwa mbele ya wafadhili kuimba wimbo wa shukrani, wao wanne peke yao, ili kila mgeni ajue maskini ni nani. Bwana Mkuu alitokwa na machozi kila mwaka. Mimi nilitazama dari.

Halafu palikuwa na fomu. Hapa nisikilizeni vizuri, maana fomu ile ni kazi ya mikono yangu. Kwanza Bwana Mkuu aliiandika mwenyewe kwa Kiswahili alichookota barabarani: nyumba yako ya bati au ya nyasi, shamba lako kubwa au dogo, na chini kabisa, "Ng'ombe zako?" na nafasi ya kujaza idadi. Nilipoiona nikashika kichwa. Zako! Ng'ombe ni kiumbe, ana roho, Kiswahili cha watu wenye Kiswahili chao ni "ng'ombe wako". Nikafuta "zako" kwa wino mwekundu, nikaandika "wako", nikaipeleka kuchapwa, na siku ile nilikula wali kwa raha.

Aliyenionya alikuwa Mzee Shija, fundi wa vinanda. Shija alikuwa Msukuma wa Segese, mfupi, mkali, mikono imejaa gundi. Kila kitu cha maana nilichokijua kazini nilikipata kwake: jinsi ya kujua panya ameingia kwenye kinanda kwa kusikiliza sauti ya chini, jinsi ya kufunika makaratasi mvua inapovuja, mjumbe gani wa kamati asiombwe kitu kabla hajala. Alichukua fomu yangu mpya akaisoma polepole.

"Karani, wewe unataka kuhesabu ng'ombe za watu?"

"Ng'ombe wa watu," nikamsahihisha.

"Haya, wa watu. Huku kwetu usihesabu. Ng'ombe kumwona si kumjua. Wewe uliza jambo moja tu: mara ya mwisho mlichinja lini, na nani alitoa ruhusa. Basi, utajua yote."

Nikamwambia chuo ni cha muziki, si bucha. Akacheka kwa dharau, akarudi kwenye gundi yake. Dharau ile niliistahili, ila ilinichukua miaka kujua.

Basi mwaka mmoja, baada ya chuo kuanza kupokea wasichana, alikuja binti wa kijiji cha Didia aitwaye Kabula. Baba yake alikuwa amefariki. Kinanda alijifunzia kanisani kijijini kwa kumtazama katekista miguu na vidole, maana katekista mwenyewe hakuwa na subira ya kufundisha. Siku ya majaribio Bwana Mkuu alimpigia fidla wimbo mmoja, mara moja tu, akamwambia aurudie. Kabula akakaa kwenye kinanda, akavua kandambili zake za mpira wa gari, akaurudia wote, na mahali ambapo Bwana Mkuu alikosea, yeye hakukosea. Mzee Shija aliyekuwa akiziba tundu la mfuko wa upepo wa kinanda kingine aliacha kazi akasimama. Sijui muziki, lakini nilimjua Shija, na Shija hakuwahi kusimama kwa ajili ya mtu.

Nafasi tatu za msamaha zilikuwa zimekwisha kwenda. Ilibaki moja, na walioiomba walikuwa wawili: Kabula, na kijana Lusangija mwana wa Mzee Luhende, ambaye alipuliza tarumbeta kwa nguvu nyingi na akili kidogo. Bila msamaha Kabula asingesoma hata muhula mmoja. Kamati ikasema Karani apande baiskeli, aende kwenye nyumba zote mbili, ajaze fomu kwa macho yake.

Nilianza kwa Luhende. Nilimkuta mzee mwenye heshima, nyumba ya nyasi, zizi la miiba lililo tupu, mbuzi watatu na punda mmoja mwenye kidonda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kiti. Nikasoma maswali. Nilipofika chini nikauliza, "Ng'ombe wako?"

Akatazama zizi, akanitazama mimi. "Hawako."

Nikaandika: Hana.

Kesho yake Didia. Mama Kabula alinipokea kwa "Kalibu, Kalani," nami nikatabasamu lile tabasamu langu la Pangani. Nyuma ya nyumba palikuwa na zizi limejaa ng'ombe. Nilihesabu kwa kidole, mara mbili, arobaini na wawili, na kwa kuwa mimi ni karani hodari nikaandika hata alama zao: mmoja mwekundu mwenye pembe ya kushoto iliyovunjika, mmoja mweusi mwenye doa jeupe usoni kama barua iliyobandikwa stempu. Yule mama alisimama, mikono kifuani. Hakupenda nilivyonyoosha kidole. Nikauliza kama fomu inavyosema.

"Ng'ombe wako?"

Akageuka kutazama zizi, kisha akanitazama kwa mashaka, maana alinishangaa kuuliza kitu ninachokiona. "Ndiyo, Kalani. Wako."

Kabula alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Baba Karani, hao ng'ombe..." Mama yake akamwambia neno kwa Kisukuma, fupi. Nami nikaongeza langu. Nilimwambia mtoto mwenye adabu hadakii maneno ya wakubwa. Akaingia ndani. Nilinywa maziwa yao, nikapanda baiskeli.

Mmeona? Mimi nilimuuliza kama ni mali yake. Yeye alisikia nauliza kama wapo. Kwa Kiswahili changu kizuri cha pwani maneno yote mawili ni "wako", na hayatofautiani hata kwa nukta. Kwa Kiswahili kibovu cha Bwana Mkuu, "ng'ombe zako", asingekosea mtu yeyote. Na Luhende aliponiambia "hawako", kila mtoto wa Pangani anajua kwamba mtu asiyemiliki kitu hasemi hivyo, husema "sina". Nilikuwa nimelisikia neno sawasawa. Ila macho yangu yalikuwa kwenye kidonda cha punda.

Kamati haikumaliza hata kikombe kimoja cha chai kabla ya kuamua. Mama mwenye ng'ombe arobaini na wawili, na mzee asiye na hata mmoja! Lusangija akapewa. Mjumbe mfanyabiashara akasema ujanja wa wanawake hauna mwisho, wenzake wakakubali kwa vichwa.

Mama Kabula alikuja ofisini kwa miguu, na kutoka Didia si karibu. Ngoma lilikuwa kwenye kiti cha wageni, basi alisimama.

"Kalani, mtoto wangu amekosa nini?"

"Hakukosa kitu, mama. Wewe unajiweza. Uza ng'ombe wawili tu, utalipa ada ya mwaka."

"Siwezi kuuza."

"Mmoja basi."

"Siwezi, Kalani."

"Huwezi au hutaki?"

Alitazama daftari langu lililofunguliwa mezani kwenye ukurasa nilimonakili fomu yake, kalamu mkononi mwangu, muhuri. Mdomo ulifunguka kidogo, ukafungwa. "Siwezi," akasema tena, akaniaga kwa heshima na kuondoka. Nikakasirika. Nikachovya kalamu, na chini ya hesabu ya ng'ombe wake nikaandika kwa mwandiko wangu ule mzuri: *Mama huyu anapenda ng'ombe kuliko mtoto.* Nikapiga muhuri juu yake. Hakuna aliyeniagiza kuandika hivyo. Niliona ni sentensi nzuri.

Lusangija alisoma miaka yake mitatu, akafuta vinanda, akaimba shukrani, akatoka na cheti na tarumbeta. Alipooa, baba yake alikialika chuo kizima, na bendi ikaenda kupiga. Asubuhi ya kupeleka mahari tulisimama njiani kutazama ng'ombe wakipita kwenda kwa wakwe, vijana wakiwafuata kwa vifijo. Wa tatu alikuwa mwekundu, pembe ya kushoto imevunjika. Nyuma yake mweusi mwenye doa jeupe usoni.

Nikamwendea Luhende. "Mzee, ng'ombe hawa umewatoa wapi?"

"Didia," akasema, amefurahi, ana pombe kidogo kichwani. "Kwa yule mjane, Mama Kabula. Wako kwake miaka mingi."

"Lakini ni wa nani?"

"Wangu! Wa nani tena? Ndugu zangu walinisumbua sana kwa ajili ya urithi, nikawaweka kwa watu. Yeye anachunga, anakunywa maziwa. Mwanamke wa maana sana yule, hajamtajia mtu yeyote. Angenitaja siku moja tu, ningewaondoa wote siku ya pili."

"Ulinambia huna ng'ombe!"

Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni. "Nilikwambia hawako, Kalani. Walikuwa wako?"

Mzee Shija alikuwa karibu akikaza ngozi ya ngoma. Alisikia yote. Aliinua macho akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulimuuliza yule mama kama amewahi kuchinja?" Akaendelea kukaza ngozi.

Usukumani hili ni jambo la kawaida, kila mtu analijua isipokuwa makarani. Tajiri mwenye akili hutawanya mifugo yake kwenye mazizi ya wengine, na maskini huchunga zizi lililojaa kwa ajili ya maziwa. Anayechunga hauzi, hachinji, na hamtaji mwenye mali, hasa kwa mtu mwenye daftari na muhuri. Yule mama aliposimama mbele ya meza yangu, mkono mmoja alishika masomo ya binti yake, mkono mwingine maziwa ya watoto wake wote na neno alilompa mtu. Na mimi nikamuuliza kama hataki.

Nilikwenda kwa Bwana Mkuu na daftari. Nikamweleza kila kitu, hata habari ya wino wangu mwekundu. Alisikiliza kwa adabu.

"Lakini fomu ilijazwa yote?" akauliza.

"Ilijazwa yote, Bwana."

"Na muhuri upo?"

"Upo."

"Basi, Karani, ilikuwa sawa." Akachukua fidla yake. Nikaomba angalau Kabula aitwe sasa. Akasema umri wake umepita, na tena fungu la mwaka ule limekwisha gawiwa. Mmoja wa wale wanne waliogawiwa alikuwa mpwa wa mtemi, mwenye saa ya mkononi.

Ndipo nilipouchana ule ukurasa. Niliukata kwa wembe, vizuri, kando ya mshono, kwa sababu hata katika kosa mimi ni nadhifu. Nikachukua likizo, nikaenda Didia. Zizi lilikuwa karibu tupu. Luhende alikuwa amewaondoa karibu wote kwa harusi ile, na mama yule hakulalamika. Aliniambia "Kalibu, Kalani," na safari hii sikutabasamu. Nilitaka kumwomba radhi nikaishia kuuliza habari za mvua. Binti, akasema, yuko Geita.

Nilimkuta huko Geita, mtaa wa Kalangalala, chini ya kibanda cha nyasi, akiwauzia wachimbaji uji kabla hawajaingia zamu. Alikuwa mwanamke mzima sasa, mtoto mgongoni, mwiko mkononi. Mafiga matatu, sufuria kubwa, foleni ya wanaume wenye vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Akanijua mara moja.

"Shikamoo, Baba Karani."

"Marahaba, mwanangu." Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani, kwa Kiswahili changu chote. Haikutoka. Nikauliza, "Siku ile mlangoni, ulitaka kuniambia nini?"

"Nilitaka kukwambia si wetu."

"Mimi nikasema nini?"

"Ukasema nisidakie."

Alisema bila hasira, akimpimia mtu uji wake. Nikamuuliza kama bado anapiga kinanda. Akaniuliza huku machimboni kinanda kiko wapi. Bendi ipo, akasema, Jumamosi anaisikia kutoka nyumbani, na yule wa tarumbeta anakosea palepale kila wiki. Nikamjua ni nani. Yeye pia alimjua.

Nikatoa ule ukurasa mfukoni, nikampa. Nilitaka aone kosa ni langu, lina mwandiko wangu, lina muhuri wangu. Akausoma polepole kutoka juu: nyumba, shamba, ng'ombe arobaini na wawili, pembe iliyovunjika. Akafika chini, kwenye sentensi yangu nzuri. Aliisoma akarudia. Foleni ikaanza kunung'unika, hakuisikia.

"Mama ameiona hii?"

"Hajaiona."

"Basi asiione."

Akaukunja ule ukurasa mara mbili, akainama, akausukuma chini ya sufuria. Ukashika moto upande wa muhuri kwanza. Kisha akaniambia nipange foleni kama nataka uji, watu wana zamu.

Nilirudi nikafanya kazi mpaka siku ya kustaafu. Fomu niliirekebisha kwa mkono, nakala moja moja: nilifuta "Ng'ombe wako?" nikaandika "Mara ya mwisho mlichinja lini, na nani alitoa ruhusa?" Nasikia ninyi mmeagiza nyingine mpya kutoka kwa mchapaji, safi, isiyo na mikwaruzo, na mmerudisha lile swali la zamani kwa sababu langu halikutosha kwenye mstari. Hongereni kwa unadhifu.

Na ule ukurasa msiutafute. Ulichemsha uji wa Kabula.